Matairi ya Kiangazi ya Papa Bertin

Mbombo Kalenga alifanya kazi chini ya ardhi. Juu, kwenye gereji ile ya Auderghem, pembeni mwa Brussels, kulikuwa na kahawa ya wateja, redio na harufu ya mafuta. Yeye alishuka ngazi kumi na nne hadi kwenye chumba kirefu cha rafu za chuma, ambako matairi ya watu yalilala msimu mzima. Watu wengi wa Brussels wana seti mbili. Novemba wanaleta matairi ya kiangazi yahifadhiwe, Aprili wanaleta ya baridi na kuondoka na yale mengine. Mbombo aliyaosha, akapima kina cha mifereji yake kwa kipimo kidogo kilichokaa mfukoni mwa ovaroli, kisha akaandika ubavuni kwa chaki ya njano: namba ya gari, upande tairi lilipotoka, milimita zilizobaki. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Likasi huko Kongo, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja.

Kwa sababu ya chaki hiyo alijua mambo ambayo wauzaji hawakuyajua. Muuzaji huliona tairi likiwa jipya tu. Yeye aliliona likirudi kila mwaka. Alijua lipi huanza na milimita nane na kuisha baada ya misimu miwili, lipi hukauka na kupasuka ubavuni kabla hata ya kuchakaa, lipi huanza kuunguruma likifika nusu ya maisha yake. Jumapili baada ya misa, akienda kununua sombe ya majani ya muhogo upande wa Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye Chaussée de Wavre, wanaume walimsimamisha mlangoni pa duka kumuuliza kwa nini tairi moja liuzwe yuro arobaini na tano na jingine mia na kumi.

"Maman Mbombo, iko ya quarante-cinq euros na iko ya cent dix. Difference ni nini? Yote ni mweusi."

"Yote ni mweusi, ndiyo. Lakini ku mvula, ukiwa nakimbia quatre-vingts à l'heure, ile ya cent dix inasimama ku trente mètres. Ile ingine inasimama ku trente-huit. Ile huit mètres ya katikati, papa, njo mutoto mwenye iko navuka njia."

Mwanamume alipima kwa macho mita hizo nane za lami mbele ya duka. Mbombo akaendelea kuchagua sombe yake. "Na usikimbilie ya bei ya juu kabisa pia. Iko ya katikati yenye inafanya kilomètres elfu makumi tano bila kulalamika. Njo minatia ku motokari yangu."

Papa Bertin Nday alikuwa mmoja wa waliomsikiliza. Kwa miaka ishirini na miwili alipeleka dawa majumbani kwa wazee, kwa gari lake mwenyewe, kutoka Laeken, kaskazini mwa jiji, hadi ukingoni mwa msitu wa upande wa Auderghem. Mwaka mmoja matairi ya bei rahisi yalimtelezesha kwenye mvua hadi kwenye nguzo, akaja gereji akiwa na kipande cha bampa mkononi. Mbombo alimchagulia matairi ya kiangazi yale ya bei ya juu, kwa kuwa alishinda barabarani kutwa, akamweleza sababu. Wiki mbili baadaye alirudi bila shida yoyote, akashuka ngazi zote kumi na nne, ili amwambie tu: "Maman, inasimama! Unakanyaga, inasimama!" Tangu siku hiyo alikuwa akipita kila Novemba na kila Aprili, na kila mara alikaa kidogo juu ya rundo la matairi, wakaongea habari za Likasi.

Novemba ya mwaka juzi hakuja mwenyewe. Gari aliliendesha Sephora, binti yake. "Papa hatembeze motokari tena," alisema, akampa funguo. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, kwa hiyo Mbombo hakuuliza. Aliyapima matairi manne ya Papa Bertin: saba nukta moja, yote sawasawa. Akaandika, akayapandisha kwenye rafu ya mwisho, karibu na ukuta.

Katikati ya Desemba alishuka kutafuta seti ya mteja mwingine, akakanyaga maji. Ilikuwa saa nne asubuhi. Taa za chumba kile zilikuwa za kujizima zenyewe kila baada ya dakika tatu, na alikuwa amezoea kurudi ukutani kubonyeza tena. Aliinama. Maji yalitoka chini ya rafu ya mwisho. Matairi ya Papa Bertin yalikuwa yamelowa, na kwenye mifereji kulikuwa na changarawe na majani ya kahawia ya msituni, yamekandamizwa kama yanavyokandamizwa na uzito wa gari.

Alitazama juu kutafuta bomba lililopasuka. Hakukuwa na bomba upande ule. Akatoa kipimo. Sita nukta sita.

Alijiambia kwamba Novemba aliandika vibaya. Mtu akipima matairi mia sita kwa wiki, macho huchoka. Alitoa majani moja moja, akakausha matairi kwa kitambaa, akaandika namba mpya na tarehe. Lakini usiku huo, akila na dada yake, alijikuta ameacha kijiko hewani, kwa sababu alikumbuka jambo: namba ya Novemba aliiandika mara nne, kwenye matairi manne. Mtu hakosei mara nne kwa namna moja.

Januari ilikuwa tano nukta tisa.

Alimwita Jean-Baptiste, mwenye gereji, Mbelgiji mnene wa miaka sitini aliyependa mambo yawe na sababu. Jean-Baptiste alishika tairi, akapitisha kidole. "Mtu anayachukua," alisema kwa Kifaransa. "Anayafunga kwenye gari, anayarudisha." Funguo zilikuwa mbili tu, wake na wa Mbombo. Siku iliyofuata alibadilisha kufuli.

Mbombo naye alifanya jaribio lake, kwa namna aliyojua. Alichukua seti mbili za wateja wengine, moja ya bei rahisi na moja ya bei ya kati, akaziweka rafu ileile, kushoto na kulia kwa matairi ya Papa Bertin. Akapima yote kumi na mawili. Akafunga kila tairi kwa uzi wa nailoni, uzi ukipita juu ya sehemu inayokanyaga barabara. Kama kosa ni la ukuta, au la unyevu, au la kipimo chenyewe, yataumia yote pamoja.

Baada ya wiki mbili nyuzi nane zilikuwa mahali pake, kavu, na milimita hazikuwa zimepungua hata kidogo. Nyuzi nne za katikati zilikuwa zimekatika. Ncha zake zilikuwa zimelainika na kung'aa, kama kamba iliyoburutwa mbali nyuma ya gari. Kufuli jipya halikuwa limeguswa.

Ndipo alipoyatazama matairi yale kama anavyotazama ya wateja wote. Tairi humsema mwenye gari. Anayefunga breki kwa hasira huonekana, anayekwaruza ukingo wa njia huonekana, na anayebeba mizigo kila siku huonekana. Haya yalikuwa yamechakaa kwa namna aliyoiona mara moja tu, kwa dereva wa mabasi madogo ya uwanja wa ndege. Tairi la mbele la kulia lilikuwa limeliwa bega la nje. La nyuma la kulia pia, kidogo. Gari likipinda kushoto, uzito wote huegemea kulia. Hili lilikuwa likipinda kushoto tu. Halikuwahi kunyooka.

Alipiga hesabu kichwani. Tairi la aina ile hupoteza milimita moja kwa kilomita elfu sita hivi. Tangu Novemba matairi yale yalikuwa yamekwenda zaidi ya kilomita elfu saba, yakizunguka.

Taa zikazimika. Mbombo hakuharakisha, alijua njia. Alipiga hatua mbili gizani, kisha akasikia, nyuma yake, kwenye rafu ya mwisho, sauti nyembamba na ndefu ya mpira juu ya lami yenye maji. Haikumkaribia wala haikupotea. Ilikwenda ikarudi, ikaenda ikarudi, kama gari linalopita dirishani, linazunguka, linapita tena. Alisimama na mkono ukutani, hajabonyeza. Alipobonyeza, sauti ilikatika, na matairi yalikuwa yamekaa kimya, yakidondosha maji.

Alipopanda juu, Jean-Baptiste aliutazama uso wake, akaukwepa. "Na mimi niliisikia," alisema. "Jumatatu. Sikutaka kukuambia." Tangu siku hiyo hakushuka tena peke yake, na Mbombo hakumlaumu.

Alimpigia simu Sephora, akaanza kwa kuzungukazunguka. Je, kuna mtu aliyeazima matairi ya baba yake?

"Hapana, maman. Iko kwenu tangu novembre, non?"

"Iko. Na papa? Papa iko wapi?"

"Iko mu maison de repos, kule Laeken. Tulimupeleka ile wiki yenye nilileta pneu. Kichwa iko nasahau, maman. Kuya umusalimie. Pengine wewe atakujua."

Alikwenda Jumamosi mchana. Nyumba ile ya wazee ilikuwa safi, yenye korido pana na sakafu ya kijivu iliyong'aa. Sephora alimsubiri mlangoni, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, bado na koti la kazini, akampeleka chumba cha mwisho.

Papa Bertin alikaa kwenye kiti cha mikono, akitazama dirisha. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa mbele yake, hewani, imeshika duara lisiloonekana, na ilikuwa inapinda kushoto. Ikifika mwisho, mkono mmoja uliachia, ukashika juu, ukavuta tena. Taratibu. Bila kupumzika. Macho yake yalikwenda kulia kila baada ya muda, kama mtu anayesoma vibao.

Mbombo alijua mikono ile ilikuwa inafanya nini, na alijua ilikuwa inafanyia wapi.

"Ni vile muchana yote," Sephora alisema kwa sauti ya chini. "Anaacha tu saa ya kula na saa ya kulala. Docteur anasema ni mazoea ya kazi."

"Iko nazunguka rond-point."

Sephora alimgeukia haraka. "Nani alikuambia?"

Ndipo Sephora alipomweleza. Oktoba, siku ya mvua, Papa Bertin alikuwa amebeba insulini ya bibi mmoja wa Auderghem, Madame Cécile. Aliingia kwenye rond-point iliyo karibu na msitu, mzunguko wa barabara wa njia nne, ambao Ubelgiji magari huuzunguka kwa kupinda kushoto na ambao alikuwa ameupita maelfu ya mara, na njia ya kutokea ikampotea kichwani. Akazunguka. Akazunguka tena. Watu wa kituo cha basi walihesabu, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Alizunguka kwa muda wa saa mbili kasorobo, mpaka polisi walipomsimamisha. Alikuwa analia, pakiti ikiwa mapajani. Madame Cécile alipata dawa yake kesho yake asubuhi kutoka kwa dereva mwingine, na hakudhurika.

"Na papa, mulimuambia dawa ilifika?"

"Tulimuambia. Mara mingi. Hasikie."

Mbombo alisogea mbele ya kiti. "Papa Bertin. Ni miye, Mbombo wa pneu. Dawa ilifika. Wacha, upumzike." Mzee hakumwona. Macho yalimpita, yakasoma kibao, yakarudi njiani.

Alirudi gereji Jumatatu, akapima. Tano nukta tatu. Alikwenda tena Jumamosi iliyofuata, akazungumza tena, na tena mzee hakumsikia. Wiki hiyo majani kwenye mifereji yalikuwa mabichi, ingawa miti ya msituni ilikuwa mitupu.

Mara ya tatu hakusimama mbele yake. Njiani, ndani ya tramu, alikuwa amejiuliza ni lini dereva anamsikiliza mtu anayesimama mbele ya gari. Alichukua kiti cha wageni, akakiweka upande wa kulia wa mzee, pale abiria anapokaa kwenye magari ya Ubelgiji, kikitazama dirisha kama chake, akakaa. Sephora alibaki mlangoni.

Papa Bertin hakugeuza kichwa. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo binti yake hakuwa ameisikia tangu Novemba: "Funga ceinture, maman."

Mbombo alivuta mkanda usiokuwepo, akaufunga.

Na hapo akasikia mvua. Kioo cha dirisha kilikuwa kikavu, nje kulikuwa na jua la Februari, lakini mvua ilipiga bati karibu na sikio lake, na kiti kilianza kumsukuma kulia, kidogo kidogo, kama mtu anavyosukumwa gari likipinda. Aliangalia chini. Chini ya ndara za mzee sakafu ya kijivu ilikuwa imelowa.

"Unaenda wapi, papa?"

"Niko na dawa ya watu. Inafaa isipate moto." Mikono ilivuta kushoto, macho yakitafuta njia ya kutokea kama kitu kilichoondolewa. "Sortie ilikuwa hapa. Waliitosha. Kila saa naangalia, waliitosha."

"Hawakuitosha. Mie naiona. Njia yangu ya kazi ni hii kila siku." Alielekeza kidole mbele. "Ile ya kwanza ni ya msitu, acha. Ile ya pili ni ya Chaussée de Wavre, acha. Polepole, papa. Tia clignotant."

Kidole cha mzee kilibonyeza hewani, pale penye taa ya kupindia.

"Sasa. Droite."

Hakupinda. Walipita. Mbombo alisikia Sephora akivuta pumzi mlangoni. Mzunguko mmoja zaidi, mwili wake ukiegemea kulia, mvua ikipiga.

"Si kitu, papa. Tunarudia. Ya kwanza, acha. Ya pili, acha. Clignotant. Na sasa, droite, droite!"

Mikono ya Papa Bertin ilipinda kulia. Mara ya kwanza tangu Novemba. Mbombo aliegemea kushoto, upande wa mzee, kisha kiti kikatulia, kikanyooka, na njia ikawa moja kwa moja. Mzee alikuwa anapumua kwa mdomo. Walikwenda hivyo muda mfupi. Halafu mguu wake wa kulia ukakanyaga kwa nguvu, na Mbombo akasukumwa mbele hadi mkono wake ukashika ukingo wa dirisha.

"Unaona?" alisema mzee, akatabasamu. "Paka ilikuwa navuka. Imesimama kabisa. Ni ile pneu ulinichagulia."

"Naona, papa."

"Ni hapa. Mulango ya bleu. Umupelekee wewe, miguu inaniuma." Akageuka kwake kwa mara ya kwanza, akamnyooshea mikono miwili mitupu.

Mbombo alipokea. Viganja vyake vilipata baridi, baridi kali ya kitu kilichotoka sasa hivi kwenye friji, na alikibeba kitu hicho kwa uangalifu hadi mlangoni, akampita Sephora, akatoka koridoni. Alisimama pale akiwa na mikono iliyokunjwa mbele ya kifua. Mhudumu mmoja alipita na toroli la chai, akamsalimia. Baridi ilitoka mikononi taratibu, kisha ikaisha. Akarudi ndani.

"Amepokea, papa."

"Alisema nini?"

"Alisema aksanti."

Papa Bertin aliitika kwa kichwa. Akavuta breki ya mkono. Akazungusha ufunguo. Kisha akaweka mikono yote miwili magotini, na mvua ikanyamaza.

Jumatatu matairi yalikuwa makavu. Nne nukta nane. Wiki iliyofuata, nne nukta nane. Mwezi wote wa Machi Mbombo alishuka kila asubuhi, akasimama gizani makusudi taa zikizimika, na hakusikia chochote ila magari halisi ya barabarani juu ya kichwa chake.

Aprili, Sephora alileta gari kubadilisha. Mbombo alimwonyesha tairi la mbele la kulia, bega lake limekuwa laini kama ngozi ya goti. Milimita bado zilitosha kisheria, lakini asingemfungia mtu tairi lile, wala hakutaka kuyauza yale manne kwa mtu yeyote. Lori la kukusanya matairi makuukuu lingeyachukua Alhamisi.

"Basi nikamate gani?" Sephora aliuliza. "Ile ya bei rahisi haiwezi?"

"Wewe unafanya kilomètres elfu kumi na mbili kwa mwaka, na unatembea na mutoto nyuma. Kamata ya katikati. Inapita ya rahisi kwa kusimama, na itakupeleka miaka ine." Alisema hayo yote kama alivyowaambia wengine, na alijisikia vizuri kuyasema.

Wakati magurudumu yakifungwa, walikaa kwenye viti vya wateja na kahawa zao. Mbombo aliuliza habari za mzee.

"Anakula. Analala muzuri." Sephora aliangalia ndani ya kikombe. "Lakini hasemi tena, maman. Hata neno moja tangu ile siku. Anakaa, mikono ku magoti, kama muntu mwenye kufika."

"Hana uwoga tena."

"Hana." Alizungusha kikombe. "Zamani nilikuwa nachoka kuangalia ile mikono. Niliomba Mungu iache. Sasa nikiingia mu chambre, inalala tu, na nakaa pembeni, naingojea."

Mbombo alitamani kusema kwamba alifanya vema kumfikisha mzee, na hakuwa na hakika. Alisogeza kiti chake karibu, wakakaa bega kwa bega wakitazama mlango wa gereji, mpaka fundi alipoita kwamba gari liko tayari.

Papa Bertin aliishi mpaka Agosti. Mbombo alimtembelea kila Jumamosi, akakaa upande wake wa kulia, na hakumwomba aende popote. Kazini bado yuko chini kwenye rafu zake. Anaosha, anapima, anaandika chaki kama zamani. Ila matairi yakishapanda rafuni Novemba, hayapimi tena mpaka Aprili, na akipita rafu ya mwisho hutembea akiangalia mbele tu.